Karatasi ilitetemeka mkutano mzima: nifanyeje mwaka huu?

*Nina miaka 41, ni mweka hazina wa SACCOS ya wanachama wapatao 300 hapa Tanga. Mwaka jana kwenye mkutano mkuu nilisoma taarifa ya fedha. Nilipoishika karatasi tu, mikono ikaanza kutetemeka, mdomo ukakauka, sauti ikawa kama ya mtu anayelia. Mzee mmoja kule nyuma akapaza sauti: "Mama, unatetemeka nini, pesa zetu zimeliwa?" Ukumbi mzima ukacheka. Nikasoma mbio mbio nikamaliza, nikaenda kulia chooni. Na hesabu zilikuwa safi, mkaguzi alishazipitisha. Mkutano wa mwaka huu umebakiza wiki tatu na usingizi sipati. Mwenzangu kazini amenipa vidonge vya propranolol, anasema mumewe anatumia kwa presha na vinatuliza moyo. Mwingine ananiambia niwaone watu kama magunia ya mahindi, nitazame juu ya vichwa vyao. Semina moja ilitufundisha kwamba maneno ni asilimia 7 tu, mengine ni mwili na sauti, na mimi mwili wangu ndio unaoniumbua. Nina pumu pia, sijui kama inahusiana. Je, huu ni ugonjwa? Au wengine hatukuumbiwa kusema mbele za watu?*

Dada yangu, nianze na neno ulilolitaja mwishoni kana kwamba ni dogo: pumu. Vile vidonge usivimeze.

Mwenzako hakukudanganya. Propranolol ni dawa ya kweli, na wapo wapiga muziki na wazungumzaji wanaoitumia kwa maelekezo ya daktari. Inafunga milango ambayo adrenalini hupitia kuuamrisha moyo uende mbio, kwa hiyo mapigo hayapandi sana na mikono inatulia. Shida ni kwamba milango ya aina hiyo ipo pia kwenye njia za hewa, na huko kazi ya adrenalini ni kuzitanua. Mtu mwenye pumu akiifunga, kifua kinaweza kubana ghafla, tena hata inhela yake ya kutanua inaweza isimsaidie kama alivyozoea, maana nayo inapitia mlango ule ule. Daktari akisikia una pumu hatakuandikia. Na hata asiye na pumu hapaswi kumeza dawa ya presha ya mume wa mtu. Valium nayo, kile kidonge cha kutuliza wasiwasi, inaweza kukulegeza ulimi na kukupunguzia kumbukumbu siku unayozihitaji zaidi, na ile "glasi moja ya kujipa moyo" ambayo nina hakika kuna atakayekushauri, hukufanya ujione unazungumza vizuri. Wanaokusikia wana maoni mengine.

Sasa tuje kwenye kutetemeka kwenyewe.

Mwili wako hauna mpango mmoja wa kukutana na nyoka njiani na mwingine wa kukutana na mkutano mkuu. Una mpango mmoja tu wa dharura. Ubongo ukiona hatari, na kukaguliwa na watu 300 kwa mpigo ni hatari kwa kiumbe anayeishi kwa kukubalika na wenzake, tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo humwaga adrenalini. Moyo unaongeza kasi ili misuli mikubwa ya miguu na mikono ipate damu ya kutosha kukimbia au kupigana. Damu inaondolewa kwenye ngozi, ndiyo maana vidole vinakuwa baridi. Mate yanapungua, kwa sababu mwili uliojiandaa kukimbia hauna muda wa kutafuna. Tumbo linachafuka kwa sababu hiyo hiyo. Misuli imejazwa nguvu kama upinde uliovutwa, na wewe umesimama wima nyuma ya meza, huendi popote. Nguvu hiyo lazima itokee mahali, na inatokea vidoleni.

Sauti nayo ina maelezo yake. Ukiogopa unapumua kwa kifua cha juu, kifupi kifupi. Hewa haitoshi kuisukuma sauti hadi mwisho wa sentensi, misuli ya koo imekaza, sauti inapanda na kukatika kama ya mtu anayelia. Ukizidisha kuhema, kabonidayoksaidi kwenye damu inashuka na kichwa kinakuwa chepesi, midomo na ncha za vidole zinaanza kuchonyota. Wengi hapo hudhani wanazimia. Hawazimii, wamevuta hewa nyingi kupita mahitaji.

Kwa hiyo, ni ugonjwa? Ulichonieleza, hapana. Ni mashine inayofanya kazi yake mahali ambapo haikuitwa. Upo ugonjwa unaofanana na huu na nitautaja mwishoni, lakini mtu anayefunga hesabu za SACCOS, anayekaa na mkaguzi, anayezungumza na wakopaji mmoja mmoja kila siku, kisha akatetemeka mara moja kwa mwaka, huyo ni mtu wa kawaida.

Na kuumbiwa? Nabii Musa, kwa Waislamu na Wakristo sawa, alipotumwa kwa Farao hoja yake ilikuwa ulimi, na akapewa nduguye Haruni wa kumsaidia. Mohandas Gandhi, mwanzoni mwa miaka ya 1890, akiwa ametoka kusomea sheria London, alisimama Bombay katika kesi yake ya kwanza, kichwa kikazunguka, hakuweza kuuliza swali hata moja. Akaketi, akarudisha ada yake ya rupia 30, akaondoka. Wazungumzaji unaowahusudu wengi wana siku yao kama ile yako ya chooni, ila hawaisimulii. Yangu ilikuwa mbele ya wauguzi wanafunzi: nilikunywa maji ili nilainishe koo, mkono ukatetemeka, maji yakaishia kwenye maelezo yangu yaliyoandikwa kwa wino. Nikabaki na ukurasa wa bluu.

Ipo pia sababu ya malezi ambayo vitabu vya wageni haviitaji. Wengi wetu tulifundishwa mtoto anyamaze wakubwa wakizungumza, na asiwakazie macho. Msichana aliambiwa mara mbili ya kaka yake. Kisha shuleni ukasimamishwa ujibu kwa Kiingereza, ukikosea darasa linacheka. Leo unaambiwa simama, inua uso, waangalie wazee machoni, sema kwa sauti. Unaombwa uvunje adabu uliyojengwa nayo miaka 20. Usishangae mwili ukigoma.

Sasa huyo mzee wa nyuma, maana nahisi yeye ndiye anayekukosesha usingizi.

Mwaka 2003 watafiti wawili wa Marekani, Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich, waliwapa wanafunzi kazi ya kutoa hotuba, kisha wakawauliza: unadhani wenzako wameona woga wako kiasi gani? Wazungumzaji walikadiria woga wao ulionekana kuliko wasikilizaji walivyouona kweli. Moyo unaokupiga masikioni kwako ni ngoma, kwa wa safu ya tatu haupo. Kilichonifurahisha zaidi ni sehemu ya pili: wazungumzaji walioambiwa jambo hili kabla ya kusimama walizungumza vizuri zaidi kuliko wasioambiwa. Kujua tu kwamba huonekani kama unavyojihisi kunapunguza mzigo.

Utaniambia: lakini mzee aliona! Ndiyo, aliiona karatasi. Karatasi moja ya A4 ukiishika kwa ncha inafanya kazi ya bendera: mtikisiko wa vidole ambao mtu wa safu ya kwanza asingeugundua, ukifika upande wa pili wa karatasi umekuwa upepo. Tena inapiga kelele, na kipaza sauti kinazisambaza. Mwaka huu usiishike. Iweke mezani, au ibane kwenye faili gumu, au uandike vichwa vya hoja kwenye daftari la jalada gumu kwa herufi kubwa. Kipaza sauti ukikishika, bana kiwiko ubavuni. Mkono ulioegemea mbavu hautikisiki kama ulioning'inia. Hayo si tiba, ni ujanja tu, lakini yanaondoa kile kilichochekwa.

Halafu tafakari alichouliza. Hakuuliza kuhusu mikono yako. Aliuliza pesa yake iko wapi. Mikono ilimpa tu nafasi. Ukumbi ulicheka kwa sababu kila mmoja alikuwa na swali hilo hilo moyoni na kapata mtu wa kulisema. Na wewe, mtu pekee mle ndani aliyekuwa na jibu zuri, ulikuwa umeshughulika na vidole vyako.

Hapo ndipo ninapotaka ushike, kwa sababu woga na kushindwa kuwagusa wasikilizaji vinatoka kwenye chungu kimoja. Macho yako yako wapi? Anayeogopa anajitazama: natetemeka? sauti je? wameniona? Kadiri anavyojikagua ndivyo anavyopata dalili mpya, na kila dalili inamwaga adrenalini nyingine. Papo hapo wasikilizaji wanaona mtu aliyefunga mlango. Ukimhamishia macho mwanachama, kwamba huyu amekuja na nini, anaelewa au amepotea, mambo mawili yanatokea kwa pamoja: dalili zinakosa wa kuzichunga, na watu wanahisi wanazungumziwa wao.

Ndiyo maana ule ushauri wa magunia siupendi hata kidogo. Gunia haliulizi gawio. Ukimgeuza msikilizaji gunia utasoma kama unayesomea ghala, na ukitazama juu ya vichwa hutaona aliyetikisa kichwa kukuunga mkono. Chagua watu watatu, wa kushoto, wa katikati na wa kulia, nyuso unazozifahamu. Mpe mmoja sentensi nzima hadi nukta, kisha nenda kwa mwingine. Kama ni mzee na unaona haya kumkazia macho, mtazame kwa upole namna unavyompokea mgeni. Hilo si kukosa adabu.

Asilimia 7 nayo iache huko huko semina. Ilitoka kwa Albert Mehrabian, Marekani, mwaka 1967, kwenye majaribio kuhusu hisia: mtu akitamka neno kwa sauti au sura inayopingana na maana yake, msikilizaji anaamini kipi? Haikuhusu hotuba wala taarifa. Ingekuwa kweli, ungesoma mizania kwa Kichina na wanachama wakatoka wameelewa karibu yote. Maneno yako ndiyo mali yako siku ile, na tuyatazame.

Tuseme taarifa ina sentensi hii: "Hadi kufikia tarehe 31 Desemba, mikopo iliyotolewa ilikuwa shilingi 412,638,500 na marejesho yalikuwa shilingi 379,627,420." Isome kwa sauti. Milioni mia nne kumi na mbili, laki sita, elfu thelathini na nane... Pumzi imekwisha kabla hujafika kwenye marejesho, na hakuna mwanachama aliyebaki na wewe. Sentensi ile iliandikwa isomwe na macho. Masikio yanataka hivi: "Mwaka jana tulikopeshana zaidi ya milioni 400. Katika kila shilingi 100 tulizokopeshana, 92 zimerudi. Zile nane zilizobaki nitawaambia ziko wapi." Ukifika hapo nyamaza kidogo. Utaona vichwa vinainuka, pamoja na cha mzee wako. Tarakimu kamili zipo kwenye kabrasha, waambie ukurasa.

Wanaokumbuka hotuba ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1978 kuhusu Idi Amin hawakumbuki takwimu. Wanakumbuka uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Kila sentensi imebeba mzigo mmoja tu, halafu kituo. Yule alikuwa mwalimu wa darasani kabla ya kuwa kitu kingine, na walimu wanajua kwamba kituo ndicho kinachompa mwanafunzi nafasi ya kumeza. Kwako wewe kituo kina kazi ya ziada: ndipo unapopumua.

Hivyo ipange upya taarifa yako ianze na jibu la swali lao: pesa ipo, imekaguliwa, mikopo chechefu, yaani isiyorejeshwa, ni kiasi gani, gawio litakuwaje. Ukianza na mizania mstari kwa mstari, watakuwa wanakusubiri kwa wasiwasi, na wasiwasi wao utausoma kama hasira juu yako. Dibaji za "nichukue fursa hii adhimu" punguza. Sema itifaki imezingatiwa, piga "Ushirika hoyee" yako moja, na uipige kwa nguvu, kwa sababu ile "hoyee" wanayokurudishia ni mazungumzo tayari. Umeshasema, wameshajibu, koo limefunguka.

Usikariri taarifa yote. Aliyekariri akisahau neno moja mnyororo mzima unakatika, na anabaki kulitafuta neno mbele za watu. Kariri sentensi tano za mwanzo mpaka uzitoe hata ukiamshwa usiku wa manane, kwa sababu hofu hupanda kilele pale unaposimama na katika dakika ya kwanza au ya pili, kisha huanza kushuka yenyewe ukiiachia. Mwaka jana ulisoma mbio mbio ili uikimbie. Ulipomaliza ukapata nafuu, na ubongo ukaandika: tulipona kwa sababu tulikimbia. Hilo ndilo somo ulilotoka nalo, na wiki tatu hizi ni za kulifuta.

Linafutwa kwa kusimama, hakuna njia nyingine ninayoiamini zaidi. Wiki ya kwanza isome umesimama, kwa sauti ya ukumbini, mbele ya mtu mmoja au wawili wa nyumbani, na uwaruhusu wakuulize maswali ya kero. Jirekodi kwa simu, lakini kabla hujaangalia andika kwenye karatasi unadhani utaonekanaje. Kisha angalia ukilinganisha. Karibu kila niliyemfanyia zoezi hili alijiandikia sifa mbaya kuliko alizozikuta. Wiki ya pili tafuta penye watu 10 au 20: omba utoe tangazo kwenye kikoba, kwenye jumuiya, kwenye kikao cha wazazi. Tangazo la dakika mbili linatosha, sharti usilikimbize. Kaa hapo hadi uhisi moyo unashuka. Wiki ya tatu nenda ukumbini kwenyewe wakati hakuna watu. Simama mahali pako, washa kipaza sauti kama kipo, sema sentensi zako tano, kisha nenda kakae kiti cha nyuma kabisa, pale alipokaa mzee. Utashangaa jinsi mtu wa mbele anavyoonekana mdogo.

Siku yenyewe, kula chakula chepesi, kahawa na chai kali acha, inhela iwe mkobani. Fika mapema na usijifiche ofisini kupitia karatasi. Simama mlangoni usalimie, uliza habari za nyumbani, za shamba. Ukishashikana mikono na watu 15, ukumbi wa watu 300 una nyuso 15 zinazokungoja kwa wema. Mzee wako mtafute makusudi, umwamkie shikamoo yake.

Ukiwa umekaa unasubiri zamu, toa pumzi taratibu, ndefu kuliko ulivyoivuta, kama unayepoza uji. Moyo huongeza kasi kidogo ukivuta hewa na kuipunguza ukitoa. Weka kidole kwenye mshipa wa mkono sasa hivi ukiwa umetulia, pengine utauhisi mwenyewe. Kuurefusha utoaji ni kuushika moyo breki. Usivute mapumzi makubwa makubwa, utajitia kizunguzungu tu. Na usijiambie "tulia, tulia". Alison Wood Brooks wa Harvard alionyesha mwaka 2014 kwamba waliojiambia wana hamu ya kuzungumza walifanya vizuri kuliko waliojiambia wametulia. Inaeleweka: kutoka hofu kwenda utulivu ni safari ndefu, lakini hofu na hamu zote zina moyo unaokwenda mbio. Unabadilisha jina tu. Jiambie: nina hamu ya kuwaambia hesabu zetu ziko salama. Kwako wewe ni kweli pia.

Nisikudanganye, huenda utatetemeka. Wiki tatu zinapunguza, hazing'oi. Na mzee akirudia utani wake, usijitetee wala usinune. Cheka naye: "Ni kweli mzee wangu, mikono inatetemeka, lakini hesabu zimesimama. Fungua ukurasa wa nne tuzione." Mtu anayekiri jambo ambalo kila mtu ameliona haachiwi la kuchekwa.

Sasa lile la ugonjwa. Kama hofu hii haiko kwenye mkutano mkuu peke yake, kama unakwepa hadi kula mbele za watu, kupokea simu, kuhudhuria misiba, na imekuwa hivyo kwa miezi sita au zaidi, au umeanza kukataa kazi na vyeo kwa ajili yake, hapo tunazungumzia hofu ya kijamii inayohitaji matibabu, na inatibika. Tiba yake kubwa ni ya mazungumzo na mazoezi ya hatua kwa hatua kama hayo hapo juu, ila ukiongozwa na mtaalamu, wakati mwingine pamoja na dawa. Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa uulize kitengo cha afya ya akili. Usione aibu ya jina la kitengo. Muhimbili nao wanapokea rufaa. Nenda pia kama moyo unakwenda mbio hata ukiwa umekaa bila sababu, unakonda na kutokwa jasho, kwa sababu tezi ya shingo ikizidisha kazi huleta mtetemeko ule ule na hakuna mazoezi ya hotuba yatakayoutibu. Kukosa usingizi kukiendelea baada ya mkutano kupita, au ukajikuta huoni maana ya kuamka asubuhi, usisubiri wiki tatu nyingine.

Lililo la haraka ni kifua. Kabla ya mkutano pitia kliniki wakuangalie pumu yako, maana wasiwasi na pumu vyote hubana pumzi na ni vizuri ujue kutofautisha: pumu mara nyingi inakuja na mluzi na kikohozi, na inhela inaipunguza. Vidonge mrudishie mwenyewe leo, na uhakikishe inhela yako bado ina dawa, maana kuitikisa tu hakutoshi kujua.